Mgonjwa alinitajia swala yake, nikamwambia haina nafasi kwenye fomu

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Morogoro. Safu yako naisoma tangu nikiwa kidato cha tano na sikuwahi kudhani kuna siku ningekuandikia, lakini kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Tuko kwenye rotesheni ya magonjwa ya akili, na siku mbili kwa wiki tunapelekwa kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa kikombeni kila siku wanayopewa watu wa heroini. Kazi yetu ni kuchukua historia: mgonjwa alianza lini, alikuwa anavuta au anajidunga, kete ngapi kwa siku, ameacha na kurudia mara ngapi, amepima virusi vya UKIMWI na homa ya ini, anaishi na nani. Fomu ina kurasa nne. Nilipewa mzee mmoja wa Temeke ambaye yuko kwenye dozi mwaka wa tano. Ni mtu wa taratibu, anajibu vizuri, tasbihi ameizungusha kwenye kiganja. Nilipofika pale pa kuuliza ni kitu gani kinamsaidia asirudie, akaniambia, "Dokta, andika na hili. Mimi alfajiri huswali kwanza, ndipo nakuja kunywa dozi. Siku nikiacha kuswali, miguu yenyewe inanipeleka maskani kwa wenzangu wa unga."

Mama, niliweka kalamu chini. Nikamwambia, "Hilo halina nafasi kwenye fomu. Nijibu ninachokuuliza."

Hakukasirika. Aliitazama tasbihi, akaitia mfukoni, na kuanzia hapo majibu yake yakawa ndiyo, hapana, sikumbuki. Wiki iliyofuata nilimwona kwenye foleni ya dirishani. Aliwasalimia wenzangu wote, mimi akanipita. Mwelimishaji rika wa pale kliniki, kijana ambaye naye ametoka kwenye unga, akanisogelea na kuniambia, "Umemfunga mdomo mzee. Yule ndiye huwa anakaa na wageni wapya asubuhi wasikate tamaa."

Naomba nikueleze kwa nini nilisema vile, si kwa kujitetea.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa kwenye unga. Alianza akiwa utingo wa malori, akivuta kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, na wenzake, baadaye akajidunga. Mwaka 2017 akaandikishwa methadoni. Krismasi ya mwaka uliofuata alikuja nyumbani amenenepa, ameleta sukari na kitenge cha mama, ana kazi kwenye gereji ya kuchomelea vyuma. Tulilia kwa furaha. Kisha akapata watu wa maombi. Wakamwambia anayekunywa kikombe kila asubuhi bado ni mtumwa, amebadilisha bwana tu, na kama ana imani akiache siku hiyohiyo. Akakiacha. Alikaa kwao wiki sita kwa mfungo na maombi. Arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, ilipompiga alidhani ni mapepo yanamtoka, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Alitoka kule hatumii kitu chochote, ni kweli. Siku ya kumi na moja akakutana na wenzake wa zamani. Alikutwa asubuhi chooni, sindano bado iko mkononi. Mfukoni alikuwa na kadi yake ya kliniki, na karatasi aliyoandika mistari ya Zaburi.

Mwaka wa pili, kwenye famakolojia, mwalimu alitueleza jinsi mwili unavyopoteza uzoefu wa heroini mtu akikaa wiki chache bila kutumia, na jinsi kiasi kilekile alichokizoea zamani kinavyoweza kumzuia kupumua. Wenzangu waliandika notisi. Mimi nilikuwa nasimuliwa kifo cha kaka yangu.

Tangu siku ile siwezi kuvumilia kusikia habari za Mungu zikitajwa karibu na mgonjwa wa unga. Kanisani naenda nikiwa Morogoro tu, kwa ajili ya mama.

Darasani tumegawanyika. Wapo wanaocheka wakisikia mgonjwa anamtaja Mungu. Na yupo mwenzangu mmoja, kijana mpole wa ushirika wa wanafunzi, huyo ndiye anayenitia hofu zaidi. Akimaliza kuchukua historia anamshika mgonjwa mkono na kumwombea bila kumuuliza. Nimemsikia akimwambia mama mmoja kwamba akiamini sawasawa ataomba mwenyewe apunguziwe dozi. Nilimfokea koridoni mbele za watu, na hatusemeshani. Sasa mwalimu ametupa mada ya semina ya Ijumaa ijayo: je, imani ina nafasi katika tiba ya uraibu? Mimi na yeye tumepangwa kundi moja.

Nauliza, mama: kumuuliza mtu habari za Mungu wake ni kazi yangu kama daktari? Huyu mwenzangu nimshtaki? Na yule mzee nitamtazamaje usoni? Rotesheni inaisha baada ya siku tisa.

Ni mimi,
Mwenye Fomu, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Najua umeshapewa pole nyingi, ila nahofia nyingi zilikuwa pole za "teja amekufa", zile zinazotolewa haraka huku mtu anatazama pembeni. Mimi nakupa pole ya kaka, yule aliyeleta sukari na kitenge.

Nitaanza na yeye, maana yule mzee wa Temeke ulimjibu kwa niaba ya kaka yako. Ulichojifunza mwaka wa pili ni sahihi, na takwimu zinakuunga mkono. Mwaka 2017 ilichapishwa tathmini iliyokusanya habari za watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Wakiwa kwenye dozi walikufa kama watu 11 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Wakiwa wametoka kwenye dozi, 36. Na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika wiki nne za mwanzo baada ya kuacha. Kilichomuua kaka yako ni kuondolewa kwenye dozi, halafu kurudi mtaani na mwili uliokwisha kusahau heroini. Angeondolewa na mganga, angeondolewa na shemeji anayeona aibu, angeondolewa na msimamizi wa nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa wanaoacha unga, asiyetaka kusikia habari za methadoni, angekuwa katika hatari ileile. Nimewaona wa kila aina hizo. Nimewaona walioambiwa waache dozi kanisani, na walioambiwa hivyohivyo kwenye kisomo.

Lakini kuna kitu umeniandikia ukakipita haraka, mimi nimekirudia mara tatu. Kadi ya kliniki na karatasi ya Zaburi zilikuwa mfuko mmoja. Wiki sita kule, na siku kumi na moja mtaani, kadi hakuitupa. Alitembea navyo vyote viwili. Watu wa maombi walimwambia achague kimoja, na naogopa kwamba hapakuwa na mtu wa kliniki aliyemwambia hahitaji kuchagua. Miaka ile aliyokuwa anapanga foleni kila asubuhi, je, kuna daktari au nesi aliyewahi kumuuliza, "Unasali wapi siku hizi, na huko wanasemaje kuhusu dozi yako?" Angeulizwa, pengine kliniki ingejua mapema kwamba kuna mtu anamvuta mkono. Simlaumu yeyote, simfahamu aliyekuwa zamu. Nasema tu kwamba daktari asiyeuliza ndiye wa mwisho kujua.

Basi swali lako la kwanza nimeshalijibu. Ndiyo, ni kazi yako.

Nimekuwa muuguzi wa magonjwa ya akili maisha yangu yote ya kazi, na nikupe kisa kimoja. Tulikuwa na mgonjwa ambaye dozi yake ilitulia kwa miezi mingi. Asubuhi moja akanywa, akarudisha kikombe, akasema, "Sista, Mungu ameniacha." Wa zamu waliokuwa pale wakamwambia asogee, nyuma kuna foleni. Nikamvuta benchi, nikamuuliza ameachwa vipi. Akasema usiku anaamka kalowa jasho, mifupa inauma, vinyweleo vinasimama, anapiga miayo kutwa, akisali hapati utulivu aliouzoea, na hata mkojo wake umegeuka mwekundu. Akadhani ni laana. Mwanangu, umeshaelewa, si ndiyo? Alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu kwenye kituo kingine na hakuona haja ya kutuambia. Rifampicini huifanya methadoni iondolewe mwilini upesi, na ndiyo hiyohiyo inayotia mkojo rangi. Ile ilikuwa arosto. Daktari alimpandishia dozi taratibu, na baada ya siku kadhaa akaja kuniambia Mungu amerudi. Sikumsahihisha. Fomu yetu haikuwa na swali la Mungu, lakini ni kwa mlango huo tulijua ana kifua kikuu.

Mtu anayeumwa hukueleza maradhi yake kwa lugha aliyo nayo. Wengi wa wagonjwa wetu lugha yao ya mambo mazito ni ya dini. Ukiifungia mlango, humfungii Mungu, unafungia historia ya mgonjwa.

Jambo hili wala halikuanza na darasa lenu. Mwaka 1996 Goldfarb, Galanter na wenzao wa New York walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa uraibu waliokuwa wamelazwa, ambao pia walikuwa na maradhi ya akili, na wanafunzi wa udaktari. Wagonjwa walikuwa watu wa imani kuliko wanafunzi, na waliiona imani kuwa nguzo ya kupona kwao kuliko wanafunzi walivyodhani. Mwaka huohuo watafiti wa kundi hilo wakawatazama wauguzi wa wodi kama ile. Hapa ndipo palinichoma. Wauguzi wenyewe walikuwa wacha Mungu sawasawa na wagonjwa, lakini walikosea kukadiria: walidhani imani haina uzito mkubwa kwa wagonjwa wao. Yaani mtu anasali kwake, halafu akivaa sare anadhani aliye kitandani hana sala.

Kwetu hapa nimeyaona hayo kwa macho. Wanafunzi wengi niliowapokea wodini hawakuwa watu wasioamini. Jumapili wako kanisani, Ijumaa wako msikitini. Wakifika kwenye geti la hospitali wengine wanaiacha imani pale kama mtu anavyoacha mwavuli, kwa kuogopa kuonekana si wa kisayansi, na wengine wanaingia nayo kwa kishindo kama mwenzako. Wote hawamwoni mgonjwa. Wa kwanza hamuulizi, wa pili naye hamuulizi.

Kwa semina yenu nakupa mtu mmoja wa kumsimulia. Vincent Dole ni daktari ambaye pamoja na Marie Nyswander walianzisha tiba ya methadoni New York katikati ya miaka ya 1960. Dole huyohuyo alikaa kwenye bodi ya wadhamini ya Alcoholics Anonymous, ule ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha, ulioanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935 na Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, walevi wote wawili. Hatua 12, mwongozo wao wa kuacha ulevi hatua kwa hatua, zilitoka kwao, hizo ambazo leo nyumba za upataji nafuu za Zanzibar zinazitumia, na kijana wa Unguja akifika hatua ya tatu, ile ya kumwachia Mungu maisha yake "kwa jinsi tulivyomwelewa", anamfikiria Mola anayemjua tangu madrasa. Dole ameeleza kwamba Bill Wilson mwenyewe alimwomba atafute dawa itakayowafaa walevi wa pombe kama methadoni ilivyowafaa watu wa heroini. Fikiria hilo. Mwanzilishi wa Hatua 12 anaomba dawa, na mwanzilishi wa methadoni anakaa kikao kimoja na watu wa Hatua 12. Kwenye mikutano ya waraibu mtu wa methadoni bado huambiwa hajaacha, amehamisha uraibu tu, na kliniki mtu wa swala huambiwa anapoteza muda. Waanzilishi hawakugombana hivyo.

Mkizungumzia ushahidi, semeni kweli yote. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565 kuhusu programu za Hatua 12 kwa walevi wa pombe. Zile zilizoendeshwa kwa mpangilio maalumu ziliwasaidia watu wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo zilizolinganishwa nazo. Hiyo ni pombe. Usiuchukue ushahidi wa pombe ukamvika mtu wa heroini. Kwa heroini, kinachomweka mtu hai kwanza ni dozi, na hapo hakuna wa kukuyumbisha, awe profesa au mchungaji. Swala ya yule mzee inakaa pamoja na dozi yake. Mwenyewe alikwambia hivyo kwa sentensi moja, vizuri kuliko mimi ninavyojitahidi hapa: anaswali kwanza, ndipo anakuja kunywa.

Sasa utaulizaje? Usianze na "dini yako nini", hilo ni swali la karani. Muulize, "Hamu ikikushika usiku, unashikilia nini?" Halafu nyamaza. Mmoja atakutajia Mungu, mwingine mwanawe, mwingine timu yake ya mpira wa mtaani, na yote unayaandika kwa wino uleule. Daktari mmoja wa Washington, Christina Puchalski, aliwahi kupanga maswali ya namna hii kwa ajili ya madaktari: mtu anaamini nini, jambo hilo lina uzito gani maishani mwake, ana jamii gani inayomshika, na angependa sisi tufanye nini nalo. Mimi kwa mtu wa methadoni huongeza moja, na ndilo ninalokuomba usiliache hata siku moja: "Na huko wanasemaje kuhusu dozi?"

Jiandae pia kwa anayeumizwa na swali lenyewe. Wapo waliofungwa kwa minyororo wakiombewa, wapo waliotangazwa msikitini kwa majina. Huyo akikwambia hataki kusikia habari hizo, andika hivyo na uendelee. Hukuja kumrudisha kwenye dini. Na mgonjwa akikuomba umwombee, nawe moyo wako hauko huko kwa sasa, hulazimiki kusema uongo wala kumkatalia kwa ukali. Mwambie, "Omba wewe, mimi nakaa nawe." Nimekaa hivyo na Waislamu, na Wakatoliki, na walokole, na sikuwahi kuona mgonjwa aliyelalamika.

Kuna mwezi mmoja ambao swali hili linakuwa la kufa na kupona, nao ni Ramadhani. Mgonjwa anayetaka kufunga anajua kikombe cha asubuhi kinafunguza. Akiona aibu kusema, atakosa dozi kimyakimya, kesho pia, keshokutwa pia. Akirudi baada ya siku kadhaa, ile dozi yake ya zamani huenda ikawa kubwa mno kwake. Ndiyo maana inatakiwa aulizwe Shaabani, daktari apange naye saa na utaratibu mapema, na ikibidi ashauriane na sheikh wake. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Aya hiyo waumini wengi wanaijua. Wanachokosa ni mtu mwenye koti jeupe wa kuwaambia, "Nawe ni mgonjwa kama wagonjwa wengine," maana wamezoea kuitwa wakosaji.

Kuhusu mwenzako. Lile la kumwambia mama wa watu aombe apunguziwe dozi halisubiri semina. Mwambie mwalimu wenu kesho, ili yule mama apate mtu wa kukaa naye na kumweleza upya. Usilipeleke kama mashtaka ya dini, lipeleke kama kosa la dawa, kwa sababu ndilo hilo. La kuwashika watu mikono na kuwaombea bila ridhaa, mwambie mwenyewe mkiwa wawili: mgonjwa anayeona faili lake mikononi mwako hana uwezo wa kukukatalia, kwa hiyo kunyamaza kwake hakukupi ruhusa.

Ila umemfokea mtu asiyejua. Je, umewahi kumsimulia habari za kaka yako? Kwa barua yako naona hapana. Msimulie. Si lazima ulie, si lazima usilie. Kijana mpole anayewapenda wagonjwa kiasi cha kuwashika mikono hatasikia habari za ile kadi na ile Zaburi akabaki vilevile. Na akikuelewa, yeye anaweza kufanya kitu ambacho mimi na wewe hatukiwezi: kusimama kwenye ushirika wake na kuwaambia wenzake kwamba anayekunywa methadoni aombewe aendelee kunywa. Watamsikia. Sisi wangetuambia hatuna imani.

Sasa yule mzee. Usimfuate kwenye foleni. Mtu anayesubiri dozi mwili wake haujatulia, na mbele za watu atakwambia tu "hamna shida, dokta" yaishe. Msubiri akishakunywa, akishaketi pale benchi na wageni wake. Msalimie kwa heshima ya umri wake, umwite baba. Mwambie, "Siku ile uliniambia habari ya swala ya alfajiri, nikakukatiza. Nilikosea. Naomba uniendelezee." Usiongeze maelezo. Habari za kaka yako usimtwishe kama sababu, msamaha wenye sababu ndefu humlazimisha anayeombwa akufariji. Akiuliza mwenyewe kilichokupata, mjibu. Mtu wa miaka mitano dirishani ameshazika wengi, atajua akwambie nini.

Chukua na ile fomu yake. Ukurasa wa mwisho hapakosi mistari mitupu, hata kama ni ya "mengineyo". Andika alivyosema, kwa maneno yake: siku akiacha kuswali, miguu inampeleka maskani. Daktari atakayemwona mwakani akisoma hapo, atajua la kumuuliza siku mzee atakapoanza kuchelewa dozi.

La kanisa sina la kukuamuru. Lakini umemtaja mama yako mara mbili tatu, na sikuona mahali uliposema kwamba umeshamweleza ulichofundishwa mwaka wa pili. Wazazi wengi niliokaa nao baada ya misiba kama hiyo walibaki wakiamini kwamba mtoto alikufa kwa sababu imani yake haikutosha, au yao. Hawalisemi. Wanalitia kwenye sala kila usiku. Ukienda Morogoro, keti naye jikoni umweleze kwa Kiswahili cha nyumbani: mwili ulikuwa umesahau, kiasi kilikuwa kilekile cha zamani, pumzi ikakata, na kama angekuwa bado anakunywa kikombe chake huenda angekuwepo. Mwambie pia kwamba ile kadi ilikuwa mfukoni. Sijui kama anajua.